Kizimba cha Biskuti na Pamba

Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ugonjwa wa mafundi wa kuchomelea ni kuamini kwamba hakuna vitu viwili duniani visivyoungika. Geti likipasuka, ataliunga. Kiti kikivunjika mguu, ataunga ule mguu na kukuongezea mwingine ambao hukumwomba. Alipomwoa mama na kuhamia kwetu na binti yake, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kututengenezea kitanda cha ghorofa, mmoja juu na mmoja chini. Akakipaka rangi ya kijani, akarudi nyuma kukitazama, akasema, "Haya, sasa ninyi ni ndugu."

Si baba yangu mzazi. Huyo wa kunizaa aliondoka zamani na hana habari nasi, nami sina habari naye. Huyu nilimwita Baba tangu wiki ya kwanza, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuwa na baba na kwa sababu mdomo wangu hauna breki. Ndiyo maana naitwa Cherehani. Mama hushona mapazia pale sebuleni, na majirani wanasema nyumba yetu ina mashine mbili, moja ya umeme na nyingine ni mimi.

Binti yake ni rika langu. Baba humwita Wakili, kwa kuwa haongei mpaka awe na hoja. Mama yake mzazi alifariki kwa ugonjwa, na Wakili hamtaji mbele za watu ovyo ovyo. Alimwamkia mama yangu asubuhi, akamshukuru baada ya chakula, akamwita Mama Mdogo kwa adabu zote. Mama aliitikia kila mara kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alitaka aitwe Mama tu, bila Mdogo, na alitaka iwe jana.

Wakili alikuja na begi moja na hamsta mmoja. Hamsta ni kama panya aliyesahau kuota mkia, ana mashavu ya kuwekea akiba, na kazi yake kubwa ni kulala. Huyu alikuwa wa rangi ya kahawia, jina lake Biskuti. Wakili alipewa na wafanyakazi wenzake na marehemu mama yake, waliokuwa wakiuza pamoja naye katika duka la wanyama wa kufugwa. Alimweka katika sanduku la plastiki lenye maranda ya mbao na kigurudumu cha kukimbilia.

Mimi nilipomwona Biskuti nilipagawa. Nililia siku mbili nzima, nikagoma kula, nikasema napendwa nusu. Mama akasalimu amri, akaninunulia wangu, mweupe pepe, jike kama Biskuti. Nikamwita Pamba. Nikamwekea sanduku lake upande wa pili wa meza, na kwa muda maisha yakawa matamu. Wakili alinifundisha kumshika mnyama kwa viganja viwili bila kumkaba. Mimi nikamfundisha kupiga mluzi, jambo ambalo alilifanya vibaya mno mpaka tukacheka na kuumwa mbavu. Wakubwa hawakuona hayo. Wakubwa waliona masanduku mawili mezani na yakawakera.

"Kila mtu na lake, kila mtu na lake," Baba alinung'unika jioni moja. "Hii ni nyumba au soko?"

Jumapili iliyofuata alitoka karakana akiwa amebeba kitu kilichofunikwa shuka. Mama alikuwa anajua, maana alisimama mlangoni akitabasamu kabla shuka haijatolewa. Kilikuwa kizimba cha chuma cha ghorofa mbili, chenye ngazi, kibaraza, mlango mdogo wenye komeo, na juu yake Baba alikuwa amekunja nondo nyembamba zikaandika herufi mbili za kwanza za majina yetu, zimeshikana mikono. Kusema kweli kilikuwa kizuri. Ningekuwa mdogo kidogo ningeomba nihamie humo.

"Biskuti na Pamba watakaa hapa," Baba alisema. "Nyumba moja. Kama sisi."

Nilipiga makofi. Wakili hakupiga. Alikizunguka kizimba, akapima nafasi kati ya nondo kwa kidole chake, akasema taratibu, "Ni kizuri, Baba. Lakini hamsta hawakai wawili. Wakiwa wachanga sawa, wakikomaa kila mmoja anataka nyumba yake. Wanaumizana. Mama alisema."

Ingekuwa afadhali angesema kitabu kimesema, au mwalimu. Nilimwona mama yangu akilegeza tabasamu kama mtu anayeshusha mzigo.

"Mama alisema," alirudia. "Na mimi nasemaje humu ndani?"

"Mama Mdogo, sikusema kwa ubaya."

"Hakuna anayesema kwa ubaya. Ila naona toka umefika ni kujitenga tu. Sahani yako, kikombe chako, sanduku lako."

Haikuwa kweli. Kikombe kile ni mama mwenyewe aliyempa. Lakini Baba, badala ya kuliona hilo, alijikuna kidevu na kumtazama binti yake kwa masikitiko.

"Wakili, mwanangu. Hata vyuma vinapiga kelele vikikutana mara ya kwanza. Vikishapata moto vinashikana. Wape nafasi wazoeane."

Nami nikatia neno langu ambalo hakuna aliyeniuliza: "Watakuwa ndugu!" Nilitaka iwe hivyo. Niliwataka wale wawili wapendane, maana niliamini kabisa kwamba wakipendana wao, basi na sisi tumepita. Nyumba nzima tuliamini hivyo isipokuwa yule mmoja aliyewajua hamsta.

Wakahamishwa mchana uleule. Pamba alinusa ngazi, Biskuti akanusa Pamba, kisha wakafukuzana ghorofa zote mbili huku wakitoa vilio vyembamba. Baba alicheka. "Ona wanavyocheza!" Wakili alikaa chini mbele ya kizimba, magoti kifuani, asile wala asinywe mpaka Biskuti alipojichimbia kona moja na Pamba akajichimbia nyingine.

Kesho yake sikio la Pamba lilikuwa na mchubuko. Wakili aliniita nione, nami nikaenda mbio kumwonyesha mama.

"Hata wewe ulikuwa unawang'ata watoto wenzako," mama alinijibu huku ameshika pini mdomoni. "Ukaacha."

Wakili akaleta vyombo viwili vya chakula, vichupa viwili vya maji, akatenganisha kila kitu kulia na kushoto. Haikusaidia. Basi siku moja tuliporudi shule akamtoa Biskuti, akamtia ndani ya boksi la viatu lililotobolewa matundu, akalisukuma chini ya kitanda chetu. Aliniomba nifunge mdomo. Mimi, kwa mshangao wa wote wanaonijua, niliufunga. Ila Biskuti hakuufunga wa kwake. Alitafuna boksi kwa bidii hadi mama, aliyekuwa anafagia chumbani, akainama kutazama.

Sijapata kumwona mama ameumia vile kwa boksi la viatu. Aliliweka katikati ya meza ya chakula kama ushahidi. Hakupiga kelele, na mama asipopiga kelele ujue hali ni mbaya.

"Kama hutaki kuishi na sisi, sema," alimwambia Wakili. "Usitume mnyama."

Macho ya Wakili yalijaa machozi, na alikuwa mtu asiyelia mbele ya watu, kwa hiyo akageuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Jioni Baba alitia kufuli dogo kwenye mlango wa kizimba na ufunguo akampa mama, ambaye aliuweka kwenye droo ya cherehani pamoja na chaki na futi. Baba hakufurahi kufanya hivyo. Lakini alifanya.

Tangu hapo kila alichofanya Wakili kilisomwa upya. Akilala mapema, amenuna. Akiomba kumpigia simu bibi yake, mama mzaa mama, basi anapeleka mashtaka. Mama alinong'ona na Baba, Baba alishika tama, na mimi nilikaa katikati nikiongea mara mbili zaidi ili kuziba kimya. Kitandani Wakili alikuwa bado ananihadithia mambo ya dukani kwa mama yake, kasuku aliyetukana wateja na kobe aliyepotea akakutwa ndani ya ndoo. Kwa sauti ya chini, wasisikie. Nadhani walisikia ule mnong'ono tu, wakahesabu tunagombana.

Asubuhi niliyomkuta Pamba ilikuwa ya kawaida kabisa, sare za shule zimepigwa pasi, chai mezani. Nilikwenda kumpa kipande cha karoti. Biskuti alikuwa kwenye kibaraza, amejikunyata, pua ina damu. Pamba alikuwa chini ya ngazi. Nilidhani amelala. Nilipoingiza kidole kati ya nondo nikamgusa, alikuwa wa baridi, na upande wa shingo manyoya yake meupe hayakuwa meupe tena.

Nilipiga ukelele uliomtoa Baba bafuni na povu masikioni. Wakili alifika wa kwanza. Alinishika bega, nami nikamsukuma kwa nguvu zangu zote.

"Mnyama wako ni muuaji!" nilimwambia. "Rudi naye huko mlikotoka!"

Nilisema hivyo. Nilikuwa nalia na kamasi zinanitoka, na ningemwambia hivyo hata malaika. Lakini mama hakuwa analia. Mama alikuja na ufunguo, akafungua kufuli, akatazama ndani kwa muda, kisha akamgeukia Wakili.

"Umefurahi sasa?"

Mpaka leo sentensi ile inanitia hasira kuliko kifo chenyewe. Ya nini kumwuliza hivyo mtoto aliyewaambia? Tena aliyemficha wa kwake ili asimdhuru wa mwenzake? Lakini siku ile sikuwaza hayo. Siku ile niliona Pamba wangu amekufa na Biskuti wake ni mzima. Nilimfunga Pamba katika kipande cha pazia jeupe, nikaenda kumzika nyuma ya nyumba karibu na bomba, na Wakili aliponifuata na kijiko cha kuchimbia nilimfungia mlango. Alibaki dirishani. Nilimwona, nikampa mgongo.

Sikusema naye tena. Kwa mtu kama mimi, kukaa kimya ni kujiadhibu mwenyewe, na siku ya tatu koo lilikuwa linaniwasha kwa maneno. Hasira zilishaniisha. Kilichobaki kilikuwa kiburi tu, na nilisubiri yeye aanze, nikisahau kwamba yeye huwa haanzi.

Baba alikitoa kizimba nje akakikata katikati. Cheche ziliruka hadi ukutani. Zile herufi zetu zilizoshikana mikono zilianguka kila moja upande wake, na Baba akazima mashine, akavua miwani myeusi, akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la chuma. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba analia.

Nilikuwa nasuuza sufuria jikoni, mlango umeachwa wazi, niliposikia wanaongea barazani.

"Kuna vyuma haviungiki," Baba alikuwa anasema. "Aluminiamu ukiipelekea moto wa chuma haishikani nacho. Inayeyuka tu inakuachia tundu. Karakanani nalijua hilo kama jina langu. Nyumbani nimelisahau."

"Mtoto alisema siku ya kwanza kabisa," mama alijibu. Sauti yake ilikuwa laini, laini ya kutisha. "Alisema hawakai pamoja. Sisi tukajifanya viziwi. Mpigie bibi yake. Aje amchukue kabla hatujamwua na yeye kwa huzuni."

Sufuria ilinitoka mkononi. Nikatoka na mikono inachuruzika.

"Anakwenda wapi? Kwani mmemwuliza?"

"Cherehani, ingia ndani."

"Mmemwuliza?"

"Ameshasema, mwanangu," mama alisema. "Na wewe mwenyewe ulimwambia arudi kwao. Angalau safari hii tumemsikiliza."

Nilimezeshwa maneno yangu mwenyewe, na yalikuwa machungu. Nilirudi jikoni nikajiambia nitaongea na Wakili usiku huohuo. Nikapanda kitandani, nikamsikia anavyohema pale chini, macho yangu yakiwa wazi, na sikuweza. Kila neno nililolishika lilianza na "samahani", na sikuwa nimelizoea.

Kisha mama akawa mwema ghafla. Alimshonea Wakili gauni. Alimpigia pasi nguo zote, hata soksi, akazipanga ndani ya begi na vipande vya sabuni ili zinukie. Kila alichokitia, Wakili alikuwa anakitazama kutoka mlangoni, bila neno. Mama aliuona ule ukimya akauita nafuu. "Ona alivyotulia," alimwambia Baba. Nikitaka kumtetea mama, nasema aliamini kweli kwamba anafanya wema. Nisipotaka kumtetea, nasema alipunguziwa mzigo na mikono yake ilijua hivyo, maana begi lile lilifungwa haraka.

Bibi alifika Jumamosi. Ni mwanamke mrefu, muuguzi mstaafu, anayekukagua ulimi kabla ya salamu. Tulimwamkia wote. Akaletewa chai, akaiacha ipoe. Begi lilikuwa mlangoni na Biskuti juu yake, ndani ya nusu ya kizimba iliyozibwa upande mmoja kwa bati.

"Haya, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Baba yako ameniambia umechoka kukaa huku. Niambie mwenyewe sasa. Nini kimekuchosha?"

Wakili alishangaa. Sikuwahi kumwona ameshangaa vile. Alimtazama Bibi, akamtazama baba yake.

"Nani amesema nimechoka?"

"Si wewe, mwanangu?" Baba aliinama kwenye kiti. "Siku ile ya kizimba. Ulisema kila mmoja anataka nyumba yake. Kwamba kuwaweka pamoja ni kuwaumiza."

"Nilisema hamsta."

Baba aligeuka kumtazama mama.

"Nilisema hamsta, Baba," Wakili alirudia. "Hamsta ndio hawakai wawili. Mimi si hamsta. Mimi nilikuwa nakaa vizuri. Nina kitanda. Nina Cherehani."

Mimi hapo nililia kwa sauti, wala sioni haya.

"Basi mbona hukusema?" mama aliuliza. "Ulituona tunafunga begi, ukanyamaza!"

"Nilidhani ninyi ndio mmenichoka, Mama Mdogo. Mtu akikufungia begi utamwambia nini?"

Bibi alisukuma kikombe pembeni. Alikuwa mtu wa kazi, alitaka jambo liishe. "Vizuri. Basi linafunguka hilo begi. Mama Mdogo, unataka abaki?"

Mama yangu ni mwepesi wa kujibu. Anajibu simu kabla haijamaliza kuita. Lakini pale alikaa kimya. Labda alikuwa anatafuta namna ya kuomba radhi, labda aliona aibu mbele ya mama wa marehemu, nimemfikiria kwa kila upande. Kisha akasema, "Nataka," na machozi yakamshuka. Nina hakika alikuwa anasema kweli. Lakini alikawia, na Wakili alisikia kule kukawia, kama sisi sote tulivyosikia.

Alisimama, akachukua kizimba cha Biskuti. "Twende, Bibi," alisema.

Baba alimfuata hadi nje, akamshika mikono, akamwambia mambo ambayo sikuyasikia. Wakili alitikisa kichwa kwa upole. Mimi nilikimbia nikawapita, nikasimama mbele yao njiani.

"Nilisema urudi mlikotoka kwa sababu nilikuwa nalia," nilimwambia. "Samahani. Utarudi?"

"Sijui."

"Lini utajua?"

Alifikiri, kama kawaida yake. "Uwe unaniuliza," alisema.

Basi namwuliza. Kila jioni nikimaliza kazi za shule nachukua simu ya Baba, nampigia Bibi, ananipa Wakili. Ananieleza habari za Biskuti, ambaye siku hizi amezeeka na kunenepa, na za shule mpya ambako wameshampachika jina lingine asilolipenda. Mimi namweleza kila kitu, kwa urefu. Mwisho namwuliza, "Utarudi?" Anasema, "Bado." Bado si hapana. Nalala nayo.

Jana nilipopiga, mama alikuwa kwenye cherehani na pazia kubwa la mteja magotini. Huwa anaendelea kushona nikiongea, mashine inanguruma, kana kwamba simu ile haimhusu. Jana mashine ilinyamaza. Aliinuka, pazia likaanguka sakafuni, akaja akasimama mbele yangu na kunyoosha mkono. Nikampa simu. Aliiweka sikioni.

"Wakili," alisema. "Ni mimi. Sikupigii nikuambie kitu. Nimepiga nikuulize."